Nani Alisema Sindano Ina Nguvu Kuliko Kidonge?

Swali huja na sura nyingi, lakini ni lile lile. Mgonjwa aliyeingia zahanati kwa miguu yake, ametoka kunywa chai na chapati mbili, anaketi mbele ya muuguzi na kusema: “Sista, mimi vidonge havinifai, nichome tu sindano.” Mama mwenye mtoto wa mafua anataka kujua kwa nini mtoto wa jirani alichomwa na wake anapewa dawa ya maji. Hao wanasameheka, maana hawakusomea. Asiyesameheka ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, aliyefaulu mtihani wa famakolojia, anayenyoosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, kama dawa ni ile ile, si sindano ndiyo yenye nguvu zaidi?”

Huulizwa kila mwaka, na mara nyingi huulizwa pale wanafunzi wanaporudi darasani kutoka mafunzo ya vitendo wadini. Jibu lake ni fupi: hapana. Kinachotaka maelezo ni kwa nini jibu hilo, pamoja na ufupi wake, haliingii vichwani.

Dawa haiponyeshi mtu ikiwa tumboni, wala ikiwa kwenye msuli wa tako. Inaponyesha ikifika penye ugonjwa: kwenye pafu, kwenye figo, kwenye chembe ya damu iliyovamiwa na vimelea vya malaria. Usafiri wake wa kufika huko ni damu. Kwa hiyo swali la kitaalamu ni kwamba, kati ya miligramu alizopewa mgonjwa, ni ngapi zinafika kwenye mzunguko wa damu na zinafika baada ya muda gani. Dawa iliyochomwa kwenye mshipa hufika yote, asilimia 100, kwa kuwa imemiminwa humo humo. Kidonge kina safari. Kinayeyuka, kinafyonzwa na utumbo mwembamba, halafu damu inayotoka kwenye utumbo inakipitisha kwenye ini kabla ya kukiachia mwilini, na ini hukata chake.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hufunga kitabu. Wamesikia kwamba ini hukata chake, basi wamehitimisha kwamba kidonge ni dhaifu. Laiti wangefungua ukurasa unaofuata wangekuta kwamba kinachokatwa hutofautiana mno kati ya dawa na dawa. Metronidazoli, ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, ikimezwa hufika kwenye damu karibu yote. Levofloksasini na linezolidi ni hivyo hivyo. Flukonazoli na doksisaiklini hupita asilimia 90. Amoksilini hufika kwa robo tatu au zaidi. Mgonjwa anayekula na kunywa, aliyetundikiwa chupa ya metronidazoli ya mshipani mara tatu kwa siku, amechomwa, amelazwa na amelipishwa ili apate kile ambacho angekipata kwa kumeza kidonge na glasi ya maji. Molekuli ikishaingia kwenye damu haikumbuki ilipita mlango gani.

Na zile dawa ambazo ini huzikata sana? Waliozitengeneza walishapiga hesabu. Mofini ni mfano mzuri. Ikimezwa, takriban theluthi tu ndiyo hufika kwenye mzunguko wa damu, ndiyo maana dozi ya kumeza huwa kama mara tatu ya dozi ya sindano. Hasara imefidiwa, maumivu yanatulia. Nchini Uganda, mofini ya maji ya kunywa imekuwa nguzo ya huduma ya wagonjwa wa saratani tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ilibadilishwa ili wauguzi waliosomea tiba shufaa waweze kuiandika wenyewe. Yaani moja ya dawa kali kabisa za maumivu hunywewa kwa kikombe nyumbani, tena kwa cheti cha muuguzi. Anayeamini kwamba ukali wa dawa umo kwenye ncha ya sindano ana kazi ya kueleza jambo hilo.

Kuna imani ndogo iliyojificha ndani ya ile kubwa, kwamba hata kama nguvu ni sawa, sindano ni ya haraka zaidi. Ya mshipani, ndiyo. Ya msuli, inategemea. Diazepamu ikichomwa kwenye msuli hufyonzwa polepole na bila mpangilio, leo hivi na kesho vile, wakati ikimezwa hufyonzwa vizuri. Ndiyo sababu mtoto mwenye degedege hupewa diazepamu kwenye mshipa au kwa njia ya haja kubwa, na muuguzi anayeichoma kwenye paja la mtoto anayetetemeka anapoteza dakika ambazo hana. Fenitoini ni mbaya zaidi, kwani ikiingia kwenye msuli huganda kuwa chembechembe, inaumiza nyama, na dawa inachelewa kufika kwenye damu.

Halafu kuna benzathini penisilini, ile sindano nyeupe kama maziwa mazito ambayo wanaume wazima huiogopa na kuiheshimu. Waliochomwa kwa ajili ya kaswende huisimulia miaka mingi. Ukali wake uko kwenye maumivu. Dawa imetengenezwa makusudi isiyeyuke haraka, ikae kwenye msuli na kuvuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kiwango chake kwenye damu hubaki chini ya mikrogramu 1 kwa mililita. Kapsuli moja ya kawaida ya amoksilini ya miligramu 500, ile ya rangi mbili ambayo mgonjwa huidharau, hufikisha kiwango cha mikrogramu 5 hadi 7 ndani ya saa moja au mbili. Benzathini inashinda kaswende kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huo huuawa na kiasi kidogo sana cha penisilini, ilimradi kidumu. Inashinda kwa subira, na maumivu ya tako hayana mchango wowote.

Imani yenyewe haikutoka hewani, na hapa wazee wetu wapewe haki yao. Mtu aliyekuwa hai Afrika Mashariki miaka ya 1920 aliona watu wenye buba, vidonda vimewatapakaa mwili mzima, wakichomwa sindano za dawa za wakati huo na vidonda vikakauka ndani ya siku chache. Ikaja penisilini. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, watu wapatao milioni 50 wakatibiwa kwa sindano, na buba ikapungua kwa takriban asilimia 95. Ukishuhudia jambo kama hilo kwa macho yako, utawasimulia wanao na wajukuu zako kwamba tiba ni sindano. Wala hukukosea: kwa buba ya wakati ule, tiba ilikuwa sindano.

Lakini mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kutoka Papua New Guinea uliolinganisha benzathini ya sindano na dozi moja tu ya azithromaisini ya kumeza, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa watoto wenye buba. Walipona asilimia 96 ya waliomeza na asilimia 93 ya waliochomwa. Shirika la Afya Duniani likabadili mkakati mwaka huo huo. Ugonjwa ulioijengea sindano jina sasa unatibiwa kwa kidonge cha mara moja, na habari hizo bado hazijafika kwenye benchi la zahanati.

Kama buba iko mbali, kuna nimonia. Katika hospitali sita za Kenya, watafiti waliwagawa watoto 527 wenye nimonia ya kifua kubonyea, umri wa miezi 2 hadi 59, katika makundi mawili: nusu wakapewa amoksilini ya kumeza na nusu sindano za penisilini, zile zinazojulikana mitaani kwa jina la sindano za masaa. Baada ya saa 48, tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 7.7 ya waliomeza na asilimia 8.0 ya waliochomwa. Hakuna tofauti. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2015. Mwaka mmoja kabla yake Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshapendekeza watoto wa aina hiyo wasio na dalili za hatari watibiwe kwa amoksilini ya kumeza. Fikiria mtoto anayechomwa kila baada ya saa sita kwa siku tano. Ni sindano ishirini.

Wapo watakaosema hayo ni magonjwa mepesi. Basi waangalie mifupa. Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na maungio walitibiwa ama kwa dawa za mshipani ama kwa vidonge katika wiki sita za mwanzo. Tiba ilishindwa kwa asilimia 14.6 ya kundi la mshipani na asilimia 13.2 ya kundi la vidonge. Denmark wakaenda mbali zaidi. Waliwachukua wagonjwa 400 wenye maambukizi ya vali za moyo, ugonjwa unaoua, wakasubiri hali zao zitulie kwa dawa za mshipani, kisha nusu wakahamishiwa vidonge. Waliohamishiwa vidonge hawakupata madhara zaidi ya wenzao. Vidonge vikitosha kwa vali ya moyo, kwa koo linalowasha si vitazidi?

Hata pale ambapo sindano ndiyo tiba sahihi, kinachookoa ni dawa iliyomo. Kwa malaria kali, kwinini ilichomwa kwa miongo mingi na kila mtu akaiheshimu. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, uliwahusisha watoto 5,425: kundi moja lilichomwa kwinini, la pili likachomwa atesuneti. Walifariki asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini na asilimia 8.5 ya waliopewa atesuneti. Wote walipata sindano, ila dawa hazikuwa sawa.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: sawa, tumeelewa, nguvu ni ile ile, lakini kama mgonjwa anaitaka sindano, ukimchoma unamdhuru nini?

Jibu la swali hilo liko Yambuku, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tarehe 26 Agosti 1976 mwalimu mmoja wa shule ya misheni alifika kwenye hospitali ya hapo akiwa na homa. Ikadhaniwa malaria, akachomwa klorokwini. Hospitali ilikuwa na vitanda 120 na wagonjwa wengi wa nje, na kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa mabomba matano ya sindano na sindano zake, hayo tu, kwa ajili ya wagonjwa wa nje, wadi na kliniki ya wajawazito. Kati ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Huo ndio uliokuwa mlipuko wa kwanza wa Ebola kutambuliwa katika nchi hiyo. Waliougua walikuwa 318, waliofariki 280. Miongoni mwa wagonjwa 288 ambao njia yao ya maambukizi ilifuatiliwa, 85 walikuwa wamepata sindano hospitalini hapo, na waliohesabiwa kuwa wameambukizwa kwa sindano walikufa wote. Watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali walikufa pia.

Klorokwini inamezwa. Ilikuwa inamezwa hata mwaka 1976.

Atakayesema siku hizi kuna mabomba ya kutumia mara moja na kutupa anasema kweli, na hali imebadilika sana. Lakini mabomba hayo hayakuja bure. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama zilisababisha maambukizi mapya milioni 21 ya homa ya ini aina ya B, milioni 2 ya aina ya C, na 260,000 ya VVU. Nchi zinazoendelea zilikuwa zikichoma sindano zipatazo bilioni 16 kwa mwaka, na sehemu kubwa kabisa zilikuwa za tiba. Chanjo zilikuwa kama tatu katika kila mia. Na bomba jipya lililofungwa vizuri haliondoi hatari ya muuguzi mwenyewe kujidunga akirudishia kifuniko, jambo ambalo kila mwanafunzi ameonywa asilifanye na kila mwanafunzi amemwona mtu akilifanya.

Wala halilindi mshipa wa fahamu. Neva kubwa ya mguu inapita kwenye tako, na kwa mtoto mwembamba haiko mbali na ngozi. Sindano ikiigusa, au dawa inayochoma ikimwagika karibu nayo, mtoto anaamka kesho yake akiburuta wayo. Katika wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, madaktari wa upasuaji wamewahudumia watoto wengi ambao misuli ya matako yao imekakamaa baada ya kuchomwa sindano tena na tena, nyingi zikiwa za kwinini. Mtoto wa aina hiyo hawezi kuchuchumaa magoti yakiwa pamoja. Akitaka kukaa chini hufungua miguu kama chura. Chooni anapata taabu, na akicheza na wenzake anachekwa. Kilichompeleka kwenye sindano mara nyingi kilikuwa homa tu.

Yote hayo yakishasemwa, hubaki hoja moja isiyojibika kwa takwimu za damu: “Lakini mimi nikichomwa napona.” Mgonjwa hasemi uongo. Homa nyingi za virusi huisha zenyewe kati ya siku ya tatu na ya tano, na siku ya tatu ndiyo watu wengi huenda kuchomwa. Pia, vituo vingine visivyo na haya huchanganya diklofenaki na deksamethasoni kwenye bomba moja, mgonjwa akatoka anaruka, na ugonjwa wenyewe ukabaki umefichwa. Na sindano ya uongo huponyesha zaidi kidogo kuliko kidonge cha uongo: katika tafiti za kipandauso, waliochomwa kitu kisicho na dawa walipata nafuu kwa takriban 32 kati ya 100, na waliomeza kidonge kisicho na dawa 26 kati ya 100. Tofauti hiyo ni ya kweli, nayo ni ya imani. Mtaalamu anayeitumia kumuuzia mtu sindano asiyoihitaji anafanya kazi ya mganga wa njia panda kwa mavazi meupe.

Binamu wa imani hii ni dripu ya kuongeza nguvu. Chupa ya nusu lita ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Soda ya kola ya mililita 300 ina kama gramu 30. Mtu analala saa tatu na kanula mkononi, analipia chupa, mrija, kanula na kitanda, ili apate sukari pungufu ya ile iliyo kwenye friji la duka lililoko ng'ambo ya barabara. Na maji ya mshipani si ya kuchezea. Mwaka 2011, utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi: kama asilimia 10.6 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Watafiti wenyewe walishangaa.

Kwa nini basi mwanafunzi aliyesoma haya anatoka wadini na imani ile ile aliyoingia nayo? Kwa sababu wadini ameona. Ameona cheti baada ya cheti chenye seftriaksoni kwa mtu mwenye kikohozi. Amemwona mkubwa wake akisema “mchome tu aende.” Ameona dirisha la malipo, ambako sindano ina ada yake na kidonge hakina. Darasani alifundishwa haki tano za kutoa dawa, yaani mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, na ya nne akaikariri bila kuitilia maana. Njia ni sehemu ya dawa. Njia isiyo sahihi ni kosa la dawa kama kosa jingine lolote, hata kama mgonjwa ameiomba mwenyewe na akashukuru.

Sindano ina heshima yake pale inapostahili. Asiyeweza kumeza achomwe: aliyepoteza fahamu, anayetapika kila kitu, mwenye degedege. Dawa isiyopita tumboni ichomwe: insulini na oksitosini humeng'enywa kama nyama, jentamaisini haifyonzwi na utumbo, seftriaksoni haina umbo la kumeza. Pasipo na muda wa kusubiri, choma: adrenalini ya mzio mkali kwenye paja, magnesiamu ya kifafa cha mimba, oksitosini ya mama anayevuja damu, viuavijasumu vya sumu kwenye damu. Chanjo nyingi, uzazi wa mpango wa miezi mitatu na benzathini ziko humo pia. Ila benzathini isiingie kwenye mshipa kamwe, maana moyo unaweza kusimama.

Malaria kali ichomwe atesuneti bila mjadala, na hesabu ifanywe kwenye karatasi, si kichwani. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupata miligramu 3 kwa kilo, aliye na kilo 20 na kuendelea 2.4. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 45. Kichupa cha miligramu 60 kikichanganywa na mililita 1 ya bikaboneti yake, kisha mililita 5 za maji ya chumvi kwa njia ya mshipa, kinatoa miligramu 10 kwa kila mililita. Anavutiwa mililita 4.5. Dozi ya pili saa 12 baada ya ile ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza. Akianza kumeza baada ya hapo, anahamia dawa mseto na kumaliza dozi kamili ya siku tatu. Wauguzi wengi husahau sehemu hiyo ya mwisho, na mgonjwa hurudi baada ya wiki mbili akisema hata sindano hazimfai.

Na anayesema vidonge havimfai, aulizwe alivimezaje kabla ya kupewa kitu kingine. Mseto alioumeza kwa chai ya rangi tumbo likiwa tupu haukufyonzwa vizuri. Unataka chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa. Doksisaiklini na siprofloksasini, kinyume chake, hukamatwa na maziwa. Huenda alimeza mara mbili akapata nafuu akaacha. Huenda alitapika ndani ya nusu saa na hakurudia. Huenda hakuwa na malaria. Maswali hayo manne huchukua dakika mbili.

Mgonjwa wa wadi aangaliwe kila asubuhi kuanzia saa ya 24 hadi ya 48: homa imeshuka, anakula, hatapiki, na dawa yake ina kidonge kinachofyonzwa vizuri? Basi muuguzi amkumbushe daktari abadilishe njia, kanula itoke kabla haijaota usaha. Daktari akikunja uso, akunje. Na mgonjwa akisema “nichome tu, mwanangu,” jibu lililo la kweli na la heshima ni hili: “Mama, hii ya kumeza inafika kwenye damu kama ile ya kuchoma. Kula kwanza, umeze mbele yangu, na kesho homa isiposhuka rudi tuangalie upya.”